Shingo ya Shayiri: Historia ya Marehemu Loveday Chenoweth, 1951–2023

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tregarrow, wenzetu wa kanisani na ninyi mliokuwa mkisherehekea naye mavuno, mimi Kerensa, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ambayo sikuiomba, ya kuwasomea maisha ya dada yangu, naye hakupenda hotuba ndefu, kwa hiyo nitajitahidi.

Loveday alizaliwa tarehe 1 Agosti 1951 hapa Tregarrow, mtoto wa kwanza wa mkulima William Hocking na mkewe Jenifer, alfajiri ambayo mkate wa nafaka mpya ulikuwa bado jikoni, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu aliitwa na harufu. Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1956, akamaliza sekondari Liskeard mwaka 1967, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kunyamaza, na tarehe 4 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa katika duka la mikate mjini humo, akakanda unga pale hadi alipostaafu mwaka 2011, mikono ikiwa imechoka lakini ulimi haujachoka.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Garfield Chenoweth katika kanisa letu la Kimethodisti, wakajaliwa Jory, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1978, na Elowen, aliyezaliwa tarehe 12 Januari 1986 na kufariki katika kitanda chake cha kitoto kabla hajaiona masika. Watu wazima tulimwambia dada kwamba kazi ya Mungu haina makosa, naye hakubishana na yeyote, ila hakuingia tena kanisani, na vuli ile alionekana akikaa peke yake katikati ya shayiri. Nilipomfuata aliniambia, "Kere, hii nayo inakufa, lakini inarudi. Niache nikae na kitu kinachorudi."

Kuanzia Septemba 1988, yeye na rafiki zake watatu walisherehekea mavuno kila mwaka siku ambayo usiku na mchana hulingana, kijiji kikawaita wapagani kwa kejeli, nao wakalivaa jina hilo kama koti jipya. Garfield, Mmethodisti hadi kwenye mifupa, aliwapelekea meza shambani kila mwaka huku akisema, "Mimi simo jamani, mimi nabeba meza tu," na aliibeba hadi alipofariki tarehe 9 Novemba 2014.

Mnaoijua sherehe hiyo mnajua kwamba moyo wake ni kishada cha mwisho cha shayiri, tunachokiita Shingo, kinachofungwa utepe kikiwa kimesimama, kisha watu wote husimama mbali na kukirushia miundu kwa pamoja, kwa sababu uhai wote wa shamba umekimbilia humo, na haifai mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye aliyeuua. Masuke yake husukwa kuwa mwanasesere, akalala juu ya meko majira yote ya baridi, na masika hurudishwa udongoni chini ya jembe.

Ugonjwa wa kongosho uligunduliwa tarehe 20 Januari mwaka huu, hivyo masika ilipita mwanasesere akiwa bado juu ya meko, na kufikia Septemba dada alikuwa amelazwa hospitalini, akiuliza jambo moja tu, kama Shingo bado imesimama. Tarehe 9 Septemba mvua kubwa ilitangazwa, na Jory, ambaye ni wa kanisani kama baba yake na hakuwahi kukanyaga sherehe ile, aliingia na mashine katika shamba la mama yake, akavuna kila bua ili jasho lake lisioze, kisha akampelekea fungu zuri kitandani, akitabasamu.

Dada alilitazama fungu lile, akauliza, "Mwanangu, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, mama."

Alilia, na tangu siku hiyo yamesemwa maneno, kwamba mtoto aliikata Shingo na mama akakatika nayo, maneno ambayo Jory ameyasikia na hajala vizuri tangu hapo. Ukweli ni kwamba dada hakuililia shayiri. Alinishika mkono akasema, "Atabeba peke yake, Kere. Usikubali abebe peke yake." Alifariki tarehe 21 Septemba 2023, saa kumi na moja jioni, siku mbili kabla ya sherehe ambayo mwaka huu haikufanyika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokamua ng'ombe wa Jory, wafanyakazi wenzake wa zamani walioleta mikate hii, mchungaji aliyekubali kusimama hapa, na wapagani waliokubali kusimama naye.

Sasa tunakwenda kaburini. Mwanasesere wa mwaka jana yumo mikononi mwa dada, maana udongo aliokuwa akiusubiri tangu masika umepatikana leo. Kwa desturi yetu mwana ndiye anayetangulia kutupa udongo, lakini marehemu ameagiza vingine. Kila mmoja achukue konzi yake, kanisa na shamba, asimame na Jory katikati, na nitakapotoa neno turushe wote kwa pamoja, asijulikane aliyemzika.

Pumzika, dada, kwa amani ya udongo unaorudisha.