Fundi Baridi, Kijana Aliyeambiwa Arudi Akishaoa

Ndugu zetu, tunayemsindikiza leo ni kitinda mimba wa nyumba yetu, mtoto wa tano. Alizaliwa tarehe 14 Machi 2000. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Baridi.

Pumu ilimwandama tangu utotoni, lakini alimaliza sekondari mwaka 2017, kisha akasomea ufundi wa friji miaka miwili. Ufundi wenyewe aliuanza mapema. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifungua friji ya mama ili aone taa huzimwa na nani. Taa hiyo haikuwaka tena mpaka alipotoka chuoni.

Januari 2021 aliajiriwa katika karakana mjini, safari ya saa sita kwa basi kutoka hapa. Mshahara alikuwa nao, na barua ya mwajiri pia. Alichokosa ni umri. Alibisha hodi nyumba kumi na saba akitafuta chumba cha kupanga. "Vijana mna fujo." "Njoo na mzazi wako." Mama mmoja mwenye nyumba alimwambia, "Rudi ukishaoa, mwanangu."

Akamjibu, "Sasa mama, nani atakubali kuolewa na mtu anayelala karakana?"

Mama yule alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akafunga geti.

Basi marehemu akahamia stoo ya karakana, chumba kisicho na dirisha, kuta zikitoka maji. Alikaa humo miaka mitatu. Nyumbani alisema tu, "Nimepata pa kujibanza." Hatukumwuliza zaidi.

Hakujaliwa kufunga ndoa. Alimchumbia binti mshonaji, na harusi ilipangwa Desemba hii. Walipokwenda pamoja kutafuta chumba, waliulizwa cheti cha ndoa.

Mei mwaka huu pumu ilizidi, akalazwa mara tatu. Daktari alisema ni unyevu na ukungu wa pale alipolala. Baba alifika hospitalini akamwuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Akajibu taratibu, kwa sababu pumzi ilikuwa haba: "Baba, wale wote waliongea kama wewe."

Baba yetu ana vyumba vinne vya kupangisha. Kwa miaka ishirini hajampa kijana asiye na ndoa hata kimoja. Nilitaka kuyaruka haya, lakini ni yeye aliyeniambia, "Yasome. Usinisitiri."

Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, ndugu yetu alikata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Ameacha baba, mama, kaka wawili, dada wawili, nikiwemo mimi ninayesoma, na wapwa sita. Ameacha pia mchumba. Atakayeuliza kwa nini binti huyu ameketi safu ya mbele pamoja nasi, aambiwe: ni mkwe wetu.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, na sisi atupe nguvu za kuubeba msiba huu.