Uso Wenye Machozi

Assalaam alaykum, wazazi wenzangu. Mwalimu kaniambia nikichoka nikae, lakini nitasimama. Jambo ninalokuja kulisema nililifanya nikiwa nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha. Kulisimulia nalo nimekaa naona ni kuendelea kujistarehesha.

Sitataja jina la mtu. Wengi humu ni watu wa Kengeja hapa hapa, mtawajua ninaowasema. Naomba mkiwajua mnyamaze. Na nawaambia mapema, hadithi yangu haina mwisho mzuri. Jumamosi iliyopita mama mmoja alisimama hapa akasema mwanawe sasa anakubali kushikwa mkono. Nilifurahi, wallahi. Mimi sina la namna hiyo.

Nina binti. Ni mtu mzima, umri wake umeshapita thelathini. Tangu mdogo alikuwa hamtazami mtu machoni. Kengele ya skuli ikilia anaziba masikio na kuchutama. Na ukimwambia neno, analishika vile vile ulivyolisema. Mwambie "ningoje hapa kidogo," ukisahau, unamkuta hapo hapo alasiri. Sisi tulisema ana shetani. Tulimpeleka kwa waganga, akafukizwa mpaka akakohoa siku tatu. Neno usonji nimelisikia mara ya kwanza ndani ya chumba hiki, tunapokutana wazazi wa watoto kama wangu, na kichwa changu kishakuwa cheupe.

Alipokuwa mkubwa alikwenda kukaa kwa shangazi yake, dada yangu, Micheweni, akawa analima mwani. Huko alitulia. Mwani haukuulizi kwa nini hujacheka. Dada yangu hana simu, na binti yangu anayo lakini haipokei, mlio wake unamuumiza. Husoma ujumbe tu. Basi mimi na mama yake tukawa tunamwandikia.

Mimi nimesoma mpaka fomu foo, na hilo lilinifanya nijione mjuzi. Nilipopata simu ya kisasa nikavipenda vile vikatuni vya nyuso, emoji. Nikawa naviweka kila mahali, kama mtu anayetia chumvi bila kuonja.

Siku moja mbuzi wa jirani aliingia ndani akaitafuna kofia yangu. Nikamwandikia binti yangu: "Leo mbuzi kala kofia yangu." Mbele nikaweka nyuso tatu, zile za kucheka mpaka machozi yanatoka. Nikasahau.

Kesho yake adhuhuri tuko barazani, wazee wanne, tunacheza bao. Namwona binti yangu anakuja, kapanda magari mawili kutoka Micheweni, nguo ina chumvi ya bahari mpaka magotini. Mkononi ana mfuko. Akasimama mbele yangu.

"Baba, usilie. Nimekuletea nyingine."

Ndani ya mfuko mna kofia mpya.

"Nani alikwambia nalia?"

"Uso una machozi. Nyuso tatu."

Ndugu zangu, wale wazee walicheka mpaka kete zikamwagika. Mmoja akasema, "Mzee, mwanao kaja kuhani msiba wa kofia!" Mwingine akasema, "Muulizeni mbuzi kama kaachiwa wosia!" Nami nikaona aibu, na aibu yangu nikamtupia yeye. Nikapaza sauti.

"Huko ni kucheka, we mjinga! Uso wenye machozi ni kucheka! Usije tena huku kwa mambo ya nyuso!"

Alikuwa ameziba masikio, lakini alinisikia. Akarudia polepole, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi Kurani: "Uso wenye machozi ni kucheka. Nisije." Akaiweka kofia pembeni ya jamvi akaondoka. Hata maji hakunywa. Mama yake alikuwa shamba. Aliporudi akaniuliza kofia imetoka wapi, nikasema nimenunua.

Kofia yenyewe ndiyo hii niliyovaa.

Haukupita mwaka, mke wangu akaanguka jikoni. Upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda. Tukamkimbiza hospitali. Daktari hakuficha, alisema tuwaite watoto. Wa karibu wakaja. Mke wangu akafumbua macho, na kwa ule mdomo wa upande mmoja akamtaja yule ambaye hayupo. Akaniuliza, "Yuko wapi mwanangu? Keshakula?"

Nikatoka ukumbini na simu. Nikaandika: "Mama yako." Neno lililofuata likanishinda. Niliona nikiliandika litakuwa kweli. Basi nikatafuta uso, ule unaolia machozi kama mfereji, nikaubonyeza mara tano nikapeleka. Nikajiambia ataelewa, nani asiyeelewa?

Akajibu: "Nimeona. Mnacheka nini?"

Nilikasirika. Nikasema mtoto huyu ni jiwe, mama yake anakata roho yeye ananifanyia mzaha. Sikumjibu. Nilikuwa na namba ya jirani yao kule Micheweni, ningempigia, angefika kabla ya magharibi. Sikumpigia. Nikarudi ndani. Mke wangu akaniuliza tena, nikamwambia, "Yuko njiani."

Alimsubiri usiku kucha. Alfajiri akafariki, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mnajua sisi hatumlazi maiti. Jirani wa Micheweni alipopata habari akaenda kuwaambia, wakatoka mbio, lakini adhuhuri tulikuwa tumeshazika. Binti yangu alifika wanaume tumekaa chini ya turubai. Hakwenda kwa wanawake, alikuja moja kwa moja kwangu. Macho makavu. Na mimi, badala ya kumwambia pole, nikamwambia mbele ya watu wote:

"Umekuja kucheka?"

Akasema, "Baba, wewe ulisema uso wenye machozi ni kucheka. Ulisema nisije."

Wale wazee watatu wa bao walikuwepo. Mmoja akainamisha kichwa. Na mimi nilielewa pale pale. Msije mkasema mzee hakujua. Nilielewa yote kwa mara moja, kofia, barazani, kila neno, na watu walikuwa wananitazama. Nilichosema ni, "Mchukueni." Wanawake wakampeleka ndani. Asubuhi alikuwa ameshaondoka, na tangu siku ile hajakanyaga kwangu.

Aliyenileta kwenye kikao hiki ni huyu mwalimu wetu, alipokuja kunipa pole. Nilimhadithia, nikitaraji aniambie ni kudra. Akasema, "Mzee, mwanao hakukosea. Alikutii."

Sikupata usingizi kwa neno hilo. Nikamuuliza nifanye nini, akasema, "Andika maneno. Maneno matupu." Ilinichukua siku tatu. Niliandika: "Nilikufundisha vibaya. Mama yako alikuwa anakufa, sikuandika. Alikutaja. Kosa ni langu."

Akajibu: "Alisema nini?"

"Alisema, yuko wapi mwanangu, keshakula."

"Saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

Halafu: "Saa hizo nilikuwa nimeshakula. Muhogo."

Nilikwenda makaburini. Nikakaa penye kaburi la mke wangu, nikamwambia, kala, kala muhogo. Kuhusu "yuko njiani" sikuweza kumwambia kitu.

Baadaye nikamwandikia, je, umenisamehe? Akajibu: "Sijui. Kusamehe kunakuwaje? Wewe unajua?"

Sasa kila Ijumaa hunitumia mstari mmoja. "Mwani mzuri." Au, "Shangazi anaumwa mguu." Mimi hujibu kwa maneno, nimevifuta vikatuni vyote. Sijui kama ananipenda au anatimiza wajibu. Sidhani kama nitajua.

Nawashukuru. Mwalimu, Mungu akulipe. Dada yangu, hayupo hapa leo, alimlea mwanangu vile nilivyoshindwa. Na mama uliyeniambia Jumamosi ya kwanza, "Mzee, kaa hapa karibu na sisi," hujui ulivyonishika nisianguke.

Kama nina la kuwaachia, ni hili. Jambo zito liandikeni kwa maneno. Ukificha nyuma ya uso wa kikatuni, unamwachia mwenzio kazi ambayo wewe mwenyewe imekushinda. Na mtoto akiuliza, mjibu. Mimi niliulizwa, "Mnacheka nini?" Lilikuwa swali kweli. Ningejibu maneno mawili tu, mama yake angemwona.

Juzi nilimwandikia: "Jumamosi nitasema mbele ya watu niliyokufanyia. Njoo ukitaka. Usipotaka, usije."

Akajibu: "Sitaki."

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Angalau hili nimelielewa.