Kitanda cha Baba Sévère Kisicho na Msumari

Wasikilizaji wapendwa, mulioko Kimanga, mulioko Bwegera, na ninyi ambao hamujarudi bado nyumbani kwenu, nawasalimu. Mutanisamehe sauti. Kumbukumbu za marehemu zimekuwa nyingi miezi hii, na mimi pia nimechoka. Leo tunamkumbuka Baba Sévère wa Kimanga.

Baba Sévère alikuwa infirmier, muuguzi wa wagonjwa. Si fundi mbao, ni infirmier. Mbao zilikuwa starehe yake ya Jumamosi. Aliokota kando ya ziwa mbao za mitumbwi iliyovunjika, akachonga viti, meza, kabati. Hakuuza hata kimoja. Na hakupiga msumari hata mmoja. Kila kiungo alikifunga kwa kijiti cha mti, cha kuchomoa kwa mkono.

Kwa nini? Mwaka 1996 alikimbia vita, akaacha kitanda chake cha arusi. Aliporudi, watu walikuwa wameshakifanya kuni za kupikia. Akaapa kwamba kila kitu cha nyumba yake kitafunguka, kitafungwa kamba, kitabebwa kichwani.

Mke wake, Mama Generose, hakukipenda kitanda kipya alichochonga mumewe. Aliniambia: "Kinalia! Ukijigeuza tu, jirani anasikia. Nilimuambia, Sévère, piga musumari, weye! Minye nataka nijue niko mu nyumba yangu. Miaka karibu makumi tatu niko nalala juu ya muzigo."

Jibu la mumewe lilikuwa lile lile: "Bado, Mama Aimé. Ngojea kwanza inchi itulie."

Wasikilizaji wapendwa, haikutulia. Ziwa lilipopanda na kuingia chumbani, kitanda kilifunguliwa. Mwaka jana, risasi ziliposikika, kikafunguliwa tena. Jirani yao Irambona alimtania njiani: "Docta, batu banakimbia na batoto, weye na kitanda?" Mvua ikanyesha, ikafuta alama za makaa alizochora kwenye vipande ili ajue kipi kinafungwa wapi. Walikofikia, akakosea mguu mmoja, kitanda kikainama. Wiki tatu walilala kichwa chini, miguu juu. Mama Generose alicheka akinisimulia. Nami nilicheka, kisha nikaweka kalamu chini.

Waliporudi Kimanga, Baba Sévère alikifunga upya, akakaa juu yake, hoi. Akasema mwenyewe: "Generose, nimechoka kukifungua. Aimé akikuja, alete misumari." Siku tisa baadaye, tension, ule ugonjwa wa shinikizo la damu, ikamchukua. Alikuwa na miaka sitini na tatu.

Aimé, mtoto wao wa kwanza, alitoka Bwegera na nyundo na kilo moja ya misumari. Baada ya mazishi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nilikuwa nimeisha simamisha musumari wa kwanza," aliniambia. "Mama akanishika mukono."

Ndiyo, Mama Generose, yule aliyeomba misumari miaka yote hiyo. Akamwambia: "Acha kwanza, Aimé. Tuangalie kama itatulia."

Misumari iko mule chumbani bado, kwenye mfuko wake.

Pole, Mama Generose. Pole, Aimé na wadogo zako. Pole, watu wa Kimanga mulioketi kwenye viti vyake. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ni kitu gani nyumbani kwako unaogopa kukipigilia msumari. Baba Sévère apumzike. Na Mungu ampe Mama Generose asubuhi moja tu, ya kumuita mtoto wake na kumwambia: "Piga."