Mbisha Hodi wa Orvana na Mlango wa Ikulu

Wazee wa sinagogi, majirani, ndugu na jamaa, pamoja nanyi makuhani mliosimama nje ya ukuta wa makaburi kama ilivyo desturi, familia inaomba utulivu wenu tusome maisha ya mzee wetu, na inaomba jambo moja zaidi, kwamba mkisikia hatua nyuma yenu msigeuke mpaka tumalize.

Marehemu Menahemu mwana wa Elkana alizaliwa tarehe 9 mwezi wa Adari, mwaka 4921 tangu kuumbwa kwa dunia, katika mtaa wa watengeneza ngozi hapa Orvana, akiwa kitinda mimba wa mzee Elkana mbisha hodi na mama Zlata, ambaye alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu alizaliwa ngumi ya kulia imekunjwa, tayari kwa kazi.

Alianza masomo kwa mwalimu Yekutieli, katika chumba cha nyuma ya sinagogi kuu, na tusidanganyane, hakung'ara, maana kila aya aliyopewa aliipigia mdundo kwenye benchi, hata mwalimu akachoka akamwambia, "Wewe Menahemu, wenzako Mungu kawapa kichwa, wewe kakupa mkono, nenda kwa babako," naye akaenda mwaka 4934 bila kinyongo chochote.

Mwaka 4939 mzee Elkana alifariki, na marehemu akarithi nyundo ya mti, akawa kila alfajiri anapita nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu kwa sala, hodi tatu kila mlango, isipokuwa mtu amekufa mjini, hapo zikawa mbili, ila lango la ikulu hugongwa mbili kwa kifo cha mfalme tu, na kila aliyekulia hapa anajua kwamba zikisikika mbili mtu huamka kimya, akamwaga maji yote yaliyomo nyumbani, ya mtungi na ya kikombe, kisha akangoja kuambiwa jina. Kabla ya milango yote alianza na wa sinagogi lenyewe, akibisha kutoka nje ili wafu wanaosali humo usiku wawapishe walio hai, na alisema walikuwa watu wa adabu, hawakumchelewesha, walitoka wakiburuta sanda na kuacha harufu ya udongo wa mvua.

Tarehe 15 Avu 4947 alimwoa Belaset binti wa mwoka mikate, ambaye shangazi zake walipomuuliza anamtakia nini kijana asiye na mbele wala nyuma, aliwajibu, "Jamani, huyu ananiamsha tangu nikiwa mdogo, acheni nimweke ndani na mimi nimwamshe," na ndoa yao ikajaliwa Shemarya mwaka 4950 na Mira mwaka 4954.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alituagiza tusiparuke. Mnajua kwamba amani yetu na mtawala wa ng'ambo ya mto iliapwa kwa uhai wa Mfalme Kalonimo, yaani siku Mfalme anapokufa kiapo nacho kimekufa, na mnakumbuka kipupwe cha mwaka 4958, mto umeganda mgumu kama sakafu, mahema yao yanaonekana kutoka ukutani. Tarehe 12 Teveti mwaka huo, Mfalme Kalonimo alifariki kwa homa.

Ndiyo, mmesikia vizuri, alifariki, na waziri Hananeli, ambaye naye sasa hatunaye, alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, akamkuta marehemu anawavika watoto viatu, akamwambia, "Menahemu, kesho lango la ikulu ligonge tatu kama kawaida." Marehemu akauliza, "Bwana mkubwa, na maji je? Na kumwosha?" Waziri akawatazama watoto, akasema, "Hakuna maji, hakuna kuoshwa, hakuna aliyekufa. Au unataka hawa wavuke mto wamefungwa kamba?"

Aligonga tatu. Dirisha la juu likafunguka, Mfalme akasimama pale akainua mkono, watu wakashangilia, na ilikuwa baridi ambayo kila mlinzi langoni alikuwa akitoa moshi mdomoni, lakini mdomo wa Mfalme haukutoa kitu.

Kuanzia hapo mlisema wenyewe sokoni, mkajisifu kwa wageni, kwamba Mfalme wetu hazeeki, Mungu kambariki, na hakuna aliyetaka kujua kwa nini kila Pasaka kikombe chake kinaondolewa mezani kimejaa. Marehemu alijua. Kila alfajiri alipobisha sinagogini wafu wote walitoka, ila mmoja alibaki kwenye kiti cha kifalme, akimuuliza kwa upole, "Na mimi je, Menahemu?" naye akijibu, "Bado kidogo, Mfalme wangu, watoto wangali wadogo." Watoto wakakua wakaoa na kuolewa, na jibu likabaki lile lile, ila mahali pa watoto akataja wajukuu.

Mama yetu Belaset alifariki tarehe 2 Sivani 4979, marehemu akambishia hodi zake mbili huku analia waziwazi njiani, na alfajiri iliyofuata akamkuta sinagogini, wenzake wametoka, yeye kabaki karibu na kile kiti, ameshika mkono wa Mfalme, akamwambia, "Mume wangu, mwenzetu huyu amechoka, humwoni?" Alimwona, akaona aibu iliyomla hadi mwisho, lakini kila aliposhika nyundo mbele ya ikulu aliwaona Shemarya na Mira wana kamba shingoni.

Tarehe 3 Eluli 4989 mkono wake wa kulia ulikufa, ukafuatiwa na mguu, na alfajiri ya leo, tarehe 20 Kislevu 4990, akamwita Mira, aliyekuwa ameshaipokea nyundo, akamwambia, "Mwanangu, usinibishie mimi peke yangu. Nitamtazamaje Mfalme huko?" kisha akakata roho.

Mira alibisha mbili mitaani, kisha akaenda kwenye lango la ikulu akabisha mbili, mlinzi akacheka, "Dada Mira, leo umekosea hesabu?" naye akajibu, "Mimi sijakosea, kaka, ilikosewa zamani." Hapo maji yakaanza kutoka chini ya lango, mengi, yakiteremka hadi barabarani, na hakuna mtumishi aliyekiri kuyamwaga.

Mpo mtakaotulaumu, na mna haki. Shemarya hayupo mazishini kwa baba yake, yuko ukutani, kwa sababu ng'ambo nako wamesikia na wameanza kuwasha mioto.

Familia inamshukuru tabibu Yomtovi aliyekuja kila siku bila kuitwa, majirani waliomwaga maji yao bila kuuliza, wafagiaji wa sinagogi waliofanya kazi na marehemu miaka yote, na chama cha mazishi, ambacho leo kimeshona sanda mbili na kuchimba makaburi mawili, wala hakikutuuliza la pili ni la nani.

Baba, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani. Nanyi mlio nyuma, msigeuke, sogeeni tu mwache njia katikati. Karibu, Mfalme wetu, maji ya kukuosha yako tayari.