Musili Muasya, Aliyeifunza Mashine Kungoja Salamu

Wapendwa mliofika kumsindikiza ndugu yetu, Musili Muasya alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Mwala, Machakos, kitinda mimba wa Mzee Muasya na Mama Kasyoka, akaja duniani akipiga kelele, na nyote ni mashahidi kwamba hakuwahi kunyamaza.

Alimaliza sekondari mwaka wa 1992, akaja Nairobi kusomea kompyuta, huku mama yake akiwatangazia majirani kwamba mtoto anasomea televisheni. Mwaka wa 1997 aliandika programu ya kusimamia bidhaa, ikaenea katika maduka ya vitambaa katikati ya jiji, na tarehe 8 Desemba 2001 akamwoa Stellah Mbithe, wakaishi Woodley, Mungu akawajalia Kamene na Nzomo.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka wa 2019, Bi. Mishi, mwenye duka la leso mjini aliyeitumia programu hiyo tangu mwanzo, alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, kipanya cha kompyuta kikamshinda, wanawe wakataka duka liuzwe apumzike. Bi. Mishi akampigia Musili simu: "Akili ninayo, mwanangu, ni vidole tu vilivyogoma." Wengi walishauri inunuliwe programu mpya, lakini Musili alikataa kuitupa ile ambayo mama aliijua kama jikoni kwake, akaiongezea kioo cha kuguswa, kamera ya kusoma ishara za mkono wa kushoto, na kipaza sauti cha kupokea amri kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza ilikuwa kioja. Kupunga mkono ndiyo iliyokuwa ishara ya kuzima, na Musili aliijaribu akiwa peke yake sebuleni, akasahau kwamba mlangoni kwa Bi. Mishi hapiti mtu bila salamu, basi kila jirani akipita, mama anapunga, programu inazima, inawashwa, jirani mwingine huyo, inazima tena.

"Kaka, tuseme ukweli, mama hawezi," akasema Abdalla, kifungua mimba wa Bi. Mishi.

"Mama yako ana adabu, Abdalla, mashine yangu ndiyo haina!"

Musili akahamia nyuma ya kaunta, akawatazama watu wakisalimiana, hata akaifundisha mashine kwamba mkono ukielekea mlangoni ni salamu, itulie, ukigeukia kioo ndipo itii. Duka halikuuzwa. Maduka mengine yakamwita, na zahanati moja ya Kangemi pia, naye akatembea kifua mbele, wala hatukumlaumu.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akapigana nayo akiwatania wauguzi, akatutoka alfajiri ya Jumanne iliyopita, Stellah akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Woodley, wenzake wa kazi, na marafiki wa Kenyatta Market waliomletea nyama choma wodini, ingawa daktari alikuwa amekataza. Tunamshukuru pia Bi. Mishi, ambaye asubuhi ya leo ameizima kompyuta kwa sauti yake, akafunga duka lake mwenyewe, akaja kuketi nasi, na kesho atalifungua.

Musili, kazi yako inaendelea. Lala kwa utulivu.