Mlango Namba Saba

Benchi letu liko kati ya meza ya fundi viatu na birika la Shangazi muuza kahawa, na jioni ile lilikuwa limejaa hasira. Sababu ni Mpiga Picha. Binti huyu alipanga kwetu, nyumba ya vyumba kumi na kimoja, bomba moja, choo kimoja, akatupiga picha miaka miwili tukifua, tukigombana na tukilishiana watoto. Alikuwa akisema hajapata kuona watu wanaoishi pamoja namna ile. Sasa ameijenga nyumba yetu upya ndani ya ukumbi wa maonyesho: kamba ya nguo, ndoo kwenye foleni, milango kumi iliyo wazi na picha zetu ndani. Tungetembea kifua mbele. Lakini katikati kaweka mlango wa kumi na moja, namba saba, umefungwa, na juu yake kaandika: "Siku nne." Ndizo siku ambazo jirani yetu wa namba saba alilala humo amekufa, kabla hatujagonga. Kesho watu wanaanza kuingia kutazama, nasi tulitaka mlango ule uondolewe.

Fundi viatu tunamwita Hakimu, maana kwake hukumu hutangulia ushahidi. Akakata uzi kwa meno.

— Katuvua nguo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa marehemu kaficha maradhi yake, naumbuliwa mimi?

— Na hizo siku nne alizihesabu nani? akauliza Redio, ambaye hajawahi kuzimwa. Mimi siku ya pili nilimsikia akikohoa.

— Siku ya pili alishakufa, akasema Shangazi.

— Basi nilisikia kitu.

Nikawakumbusha kwamba harufu tuliisikia wote, tukalaumu choo. Hakimu akasema choo nacho kilikuwa kinanuka, na haki ni haki.

— Halafu kidole kimoja hakivunji chawa, Redio akaongeza. Nani angeuvunja mlango peke yake?

— Tulikuwa watu ishirini na sita, nikamwambia.

Akahama hapo upesi. Kwanza akadai binti alitumwa na mwenye nyumba, ili tuone haya tuhame. Kisha akadai binti alijua mapema kwamba mtu atakufa: picha elfu mbili, na namba saba hayumo hata katika moja, kamera haimkamati aliyekwisha kuandikiwa kifo. Hakimu akamzidi. Akadai pengine chumba kile hakikuwa na mtu kabisa.

— Alikaa miaka sita, akasema Shangazi.

Ikabidi niwape majibu ya Mpiga Picha, maana asubuhi walinituma kumbembeleza. Hakuwa na ukali. Alisema: "Kaka, niletee kisa chake kimoja tu, mlango nitaufungua."

Redio akasema aliwahi kusalimiwa naye. Hakimu akamwambia hicho si kisa. Mimi nilikumbuka mgongo wake tu, akiingia ndani na ndoo, na nikaona aibu kuutaja.

Ndipo akaja mwanamke mwenye mkoba wa safari. Akatusalimu, akasema yeye ni dada wa marehemu wa namba saba, amekuja kuchukua vitu vyake. Tukampa pole. Akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu huku machozi yakimlengalenga.

— Wewe bila shaka ndiye Hakimu. Na wewe ndiye usiyenyamaza. Kila Jumapili alikuwa akinipigia simu, anatusimulia mabishano yenu, mama anacheka mpaka anakohoa. Alisema hana upweke, kila jioni yuko na nyinyi.

Nikainua macho. Dirisha la namba saba liko juu ya benchi, ukutani, lina pazia. Miaka sita alikuwa akitusikia. Nilitamani ardhi inimeze.

— Mama hawezi kusafiri. Kaniomba nimpigie picha mahali pake hapa benchini. Alikuwa anakaa upande gani?

Shangazi akageukia birika. Hakimu, ambaye hajawahi kukosa hukumu, akainuka taratibu kutoka benchini, akasogea pembeni.

Yule dada akadhani amejibiwa. Akaipiga picha ile nafasi tupu, kisha akaketi pale, akatushukuru kwa kumtunza kaka yake, na hakuna kati yetu aliyeweza kumtazama.