Priscah Dzoro, Aliyeuliza Panya Walikotoka

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Tudor na ndugu zetu mliotoka Mji wa Kale, mimi ni Elvis, kitinda mimba wa mzee Dzoro, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu Priscah kabla hatujaanza safari ya Rabai.

Priscah alizaliwa Rabai tarehe 12 Machi 1953, mtoto wa pili wa marehemu mzee Dzoro na mama yetu Kadzo, huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye ndiye aliyemtia dada katika kazi yake bila kujua, kwani mwaka 1961 alikuta panya wadogo wametafuna mbegu yote ya mahindi darini, akauliza kwa hasira hawa nao wametoka wapi, na Priscah akalichukua swali lile akazunguka nalo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi Rabai, sekondari hapa Mombasa, na mwaka 1977 akahitimu elimu ya wanyama chuo kikuu Nairobi, kisha akafundisha biolojia Ganjoni hadi 1990, alipojiunga na kituo kidogo cha utafiti hapa Tudor. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu Lewis Kingi, karani wa bandarini, mtu mpole aliyevumilia mitego hata sebuleni, wakajaliwa mabinti wawili, Beryl na Joy.

Mwaka 1994 alianza kuchunguza jeni za panya wadogo wa nyumbani, wanaosafiri na binadamu wamejificha ndani ya magunia na masanduku, ili ajue wa kwetu waliletwa na safari zipi za watu. Ilibidi awatege katika nyumba za Mji wa Kale, na hapo alikwama, maana mwenye nyumba anayejiheshimu hakiri mbele ya mgeni kwamba ana panya. Bi. Nasiha, tuko naye hapa na ameniruhusu niseme, alimkaribisha, akamnywesha kahawa, akamwambia, "Kwetu hakuna panya, mwanangu, huyo umuonaye apita tu, aenda kwa jirani," na jirani, Bi. Swabaha, naye akasema vivyo hivyo, ikawa panya wote wa Mji wa Kale ni wapita njia. Dada hakubishana na mtu, alibadili maneno tu, akawaeleza kuwa panya hawa wana ukoo, wazee wao walikuja na wazee wa watu, na damu yao bado inasema walikotoka, na mara kila nyumba ikawa na panya, wa huyu wa Hadhramaut, wa yule wa Maskati, na Bi. Nasiha akawa anapiga simu kituoni kuuliza mbona wa kwake hawajachukuliwa.

Novemba 1996 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Sampuli za panya zilikuwa zimepelekwa ng'ambo kupimwa, majibu hayaji, na mwanzoni mwa 1998, madaktari walipotwambia ukweli, dada hakuogopa kufa, aliogopa kufa hajajua, na sisi tuliomuuguza, nasema wazi mbele ya mchungaji, tuliwaombea panya.

Tarehe 4 Septemba mwenzake wa kazi, Bwana Fahmi Zein, aliingia wodini mbio hata akasahau salamu, nanyi watu wa Mombasa mnajua hilo ni jambo zito, akaeleza kwamba panya wa Bi. Nasiha na wale waliotegwa darini kwa mama Rabai ni wa ukoo mmoja upande wa mama, na ukoo huo umeonekana pia Uarabuni, yaani waliokula mbegu yetu walitoka ng'ambo, wakapanda Rabai ndani ya mizigo ya watu waliokuwa wakiuziana. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama, akaomba mama aletwe, akampa jibu lake kwa mdomo wake mwenyewe, naye mama akasema, "Kumbe walikuwa wageni, nami nikawafukuza kwa ufagio." Tangu siku hiyo Bi. Nasiha anatuita jamaa zake, na hatujakataa.

Baada ya hapo dada alilala usingizi ambao hatukuwa tumeuona kwa muda mrefu, akatutoka mchana wa tarehe 21 Septemba 1998, mkono wake ukiwa katika mkono wa Lewis. Tunalia, lakini mioyo yetu imeshusha mzigo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake kituoni, na akina mama wa Mji wa Kale waliomfungulia milango yao, na baadaye makabati.

Dada Priscah, swali la mama limejibiwa, sasa pumzika kwa amani.